Makhan Singh na Vibarua Wetu wa Kisaju



Katika mkutano wa tawi uliopita hapa Kisaju nilitaja jina la Makhan Singh. Kijana mmoja wa mashamba ya maua aliinuka akauliza, "Mzee, huyo Mhindi anatuhusu nini sisi?" Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Sikupata nafasi ya kumjibu kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na matatu ya Kitengela haingoji mtu. Basi namjibu hapa.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi 1927 kumfuata baba yake, akafanya kazi katika kiwanda cha chapa cha mzee huyo. Mwaka 1935 alifanywa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Jambo kubwa la kwanza katika ukatibu wake lilikuwa kukibadili chama kile kisiwe cha Wahindi peke yao. Kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukawa wazi kwa mtu wa kila rangi. Kumbukeni kwamba siku zile mshahara ulipimwa kwa ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa. Fundi wa Kihindi aliyekubali kukaa benchi moja na Mwafrika aliona anajishusha.

Nisiwadanganye. Waafrika hawakuingia kwa wingi mara moja. Mgomo wa 1937, uliodumu siku 62 na kuleta nyongeza ya asilimia 15 hadi 22, ulikuwa zaidi wa mafundi wa Kihindi. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa. Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa viliungana kuwa East African Trade Union Congress, rais wake Fred Kubai, katibu wake Makhan Singh. Serikali ya kikoloni ilikataa kuuandikisha muungano huo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa.

Kesho yake mgomo ukaanza Nairobi, ukaendelea siku tisa. Wagomaji walitaka viongozi wao waachiliwe, walitaka mshahara wa chini uwe shilingi 100, na walitaka uhuru wa nchi hizi. Hawa walikuwa Waafrika kwa maelfu, na mmoja wa watu waliowagomea alikuwa Mhindi mwenye kilemba. Kijana wangu, hapo ndipo anapokuhusu.

Hakushtakiwa kwa wizi wala kwa damu, bali alizuiliwa kwa amri tu, zaidi ya miaka kumi na moja: Lokitaung kwa Waturkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Wazee wa Kajiado wakifika Maralal au Dol Dol watasikia watu wakisema Kimaa, hata kama matamshi yanatofautiana. Aliachiliwa Oktoba 1961. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo. Akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, kitabu kikatoka 1969, naye akafa 1973. Kwamba watoto wetu hawalijui jina lake ni aibu yetu, na hapo sisemi zaidi.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nimtaje. Kuna pendekezo tawini kwamba vibarua waruhusiwe kuwa wanachama kwa nusu ada, wakae mkutanoni na wapige kura. Wenzetu wengi wenye kazi ya kudumu wanapinga. Wanasema kibarua leo yupo, kesho yuko Isinya au Athi River; ada yake haikatwi mshaharani; na tena wengi ni wageni. Neno hili la mwisho halinipendezi hata kidogo. Nani kati yetu hakuja hapa na sanduku, isipokuwa wenyeji wenye ng'ombe zao?

Mimi nimewahi kuwa kibarua. Mahali fulani, ambapo sitapataja, waajiriwa wa kudumu waligoma kwa ajili ya marupurupu ya nyumba. Asubuhi yake msimamizi alikuja langoni tuliposimama tukingoja kuchaguliwa, akatuchukua wote siku ile, hata wazee. Hatukuwa na ubaya na wagomaji. Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote, na nyumbani hapakuwa na unga. Mgomo ulikufa siku ya tatu. Tuliouua ni sisi tuliofungiwa nje ya chama.

Suala la ada ni la kweli, silikatai. Mhazini atahitaji mtu wa kukusanya kwa mkono kila mwisho wa juma na kuandika risiti, nayo ni kazi ya kuchosha. Mimi niko tayari kuifanya upande wa Kisaju kwa miezi mitatu ya kwanza. Kuhusu haki, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Imesema kila mfanyakazi. Haikusema wa kudumu.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Wanaopinga waje nao waseme, maana nao wana hoja. Yule kijana aliyeuliza swali naomba akae mbele.