Kikoa cha Jina la Mtu si Kiwanja

Wanaohimiza watu wanunue vikoa vya intaneti vyenye majina ya watu mmeshawasikia. Sasa kaeni nyinyi kwenye kiti cha hakimu.

Wanadai kwamba ukiwahi kusajili jina ni mali yako, sawa na kiwanja. Mwenye jina akilihitaji atakuja na bei. Kumbe kikoa hukodishwa kwa mwaka, na wenye majina makubwa huja na mashtaka. Mwaka 2000 mwigizaji Julia Roberts alifungua shauri mbele ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, akakabidhiwa juliaroberts.com. Aliyeisajili alikuwa ameiweka kwenye mnada wa eBay, na mnada huo ukatumika dhidi yake. Hapo mpango mzima unajikanyaga: nia ya kumuuzia mwenye jina, wanayoiita subira ya mwekezaji, ndiyo mwamuzi anayoitafuta ili akunyang'anye. Jina likiwa pia alama ya biashara, sheria ya Marekani ya 1999 inaruhusu fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila kikoa.

Watakujibu kwamba wanamuziki Sting na Bruce Springsteen walishindwa katika mashauri kama hayo. Ni kweli. Ila “sting” ni neno la kawaida la Kiingereza, na kwa Springsteen waamuzi hawakuona nia mbaya iliyothibitishwa. Isitoshe, kubaki na kikoa si kukiuza.

Ndipo wanahamia kwa majina ya kawaida: kina Asha Juma ni wengi, basi wateja ni wengi. Lakini jana walituambia jina lina thamani kwa kuwa ni la pekee! Wachague moja. Jina la wengi halina anayelazimika kulilipia. Asha ataongeza herufi, au atachukua .me.tz au .me.ke, zilizotengwa kwa watu binafsi. Jina la mmoja lina mteja mmoja, na huyo ndiye mwenye haki ya kukushtaki.

Kuhusu “gharama ndogo” wanayoitaja, Septemba 2024 bei ya jumla ya .com ilipanda hadi dola 10.26. Kwa bei hiyo majina 50 ni dola 513 kwa mwaka, kabla msajili hajaweka faida yake, iwe umeuza au hujauza.

Anayekuuzia wazo hili mwombe stakabadhi ya jina moja tu alilomuuzia mwenye jina. Akikuonyesha orodha ya anayoyamiliki, hajajibu swali.