Broadway ya dalali na Bagamoyo yetu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya stori ya TP, ila itasubiri. Leo nina hasira, na nikilala nazo test ya Saikolojia ya kesho sitaiona.

Mdogo wangu (mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu hatuna hayo mambo ya binamu, ni mdogo wangu basi) kamaliza kidato cha sita. Binti anaimba, anacheza, anaigiza, vyote kwa pamoja na jasho halimtoki. Juzi kanipigia: "Kaka, nimepata chuo Marekani! Naenda kusomea maigizo ya muziki, kama yale ya Broadway." Nikauliza umepataje. Kumbe kuna jamaa mjini ana ofisi ya meza moja na bendera tatu, anataka laki sita za "kufungulia faili". Mama mdogo ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Kiwanja jamani!

Sasa naomba tuelewane. Sisemi mtoto wa Kitanzania asiende kusoma maigizo Marekani. Nasema huyo jamaa anauza kitu ambacho hakiuzwi hivyo. Vyuo vikubwa vya fani hiyo kule, mfano Carnegie Mellon kule Pittsburgh, haviangalii matokeo ya mtihani peke yake. Unatuma kwanza video unaimba na kuigiza, wakikupenda ndiyo unaitwa kwenye usaili mbele ya walimu. Darasa zima la mwaka linaweza lisifike watu 25. Na ada ya Carnegie Mellon imevuka dola 60,000 kwa mwaka, hapo hujala wala hujalala. Zidisha mara nne, halafu niambie kiwanja cha mama mdogo kinalipa wiki ngapi.

Kuna vyuo kule vinavyompa msaada hata mgeni kulingana na uwezo wa familia yake, kama Harvard, Yale na Amherst. Vipo, ila ni vichache na kuingia ni kazi pevu. Huko utasoma maigizo ndani ya shahada ya kawaida pamoja na masomo mengine, siyo ile shahada ya kuimba na kucheza asubuhi hadi jioni. Na fomu unajaza mwenyewe, kwa intaneti ya kafe, na ukieleza kuwa huna uwezo unaweza kusamehewa ada ya maombi. Hakuna faili la laki sita mahali popote. Dalali anakuuzia mlango ambao haujafungwa.

Halafu watu wanamtaja Lupita. Haya, tumtaje vizuri. Lupita Nyong'o alimaliza Yale mwaka 2012, na pale alisoma shahada ya uzamili, tayari alikuwa na digrii ya kwanza mkononi. Ile shule ya maigizo ya Yale tangu 2021 haitozi ada kwa mwanafunzi yeyote, baada ya kupewa zawadi ya dola milioni 150. Kwa hiyo njia ya maskini mwenye kipaji ni ndefu: digrii ya kwanza nyumbani, jukwaa la nyumbani, kisha ukapambane nao ukiwa umekomaa. Kule nako kuna usaili na wengi wanarudishwa, lakini angalau hujauza ardhi.

Nyumbani wapi, mnauliza? Hapo ndipo na sisi wasomi wa campus tunapoanza kunichefua. TaSUBa iko Bagamoyo, kilomita kama 70 tu kutoka Dar. Ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, inafundisha muziki, ngoma na maigizo mpaka stashahada. Ukimwambia mtu unasoma pale anacheka, "aah, unajifunza kupiga ngoma?" Mtu huyo huyo atalipia bando aangalie Wamarekani wakipiga ngoma zao! Na hapa Mlimani kuna shahada ya sanaa za maonyesho. Kina Ebrahim Hussein na Penina Muhando walipita na kufundisha hapa, Kinjeketile ilitoka 1969, tuliisoma shuleni wote, lakini leo mwanafunzi wa fani hiyo akipita cafeteria anaitwa "msanii" kwa ile sauti ya kukejeli.

Na mimi sijitoi. Nilitaka hiyo hiyo fani. Baba akaniambia chukua ualimu, mkopo unapatikana na ajira inaeleweka. Nikachukua. Bumu naila, siyo mbaya. Ila tusidanganyane kwamba nilichagua. Nilihesabu tu, na hesabu ile ilikuwa ya mzee. Ajabu ni kwamba Theatre Arts ni somo la NECTA, na mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeipa sanaa nafasi kwenye mkondo wa amali. Nani atafundisha, kama kila mwenye kipaji anasukumwa aidha kwenye Jiografia au kwa dalali?

Mtaniambia kipaji hakihitaji darasa. Mwimbaji akikauka sauti akiwa na miaka 25 kwa sababu hakuna aliyemfundisha kupumua, mkamwambie yeye maneno hayo.

Basi, tumekubaliana na mdogo wangu. Jumamosi tunapanda gari la Bagamoyo, tukaulize ada kwa midomo yetu na aone wanafunzi wakifanya mazoezi. Wiki ijayo nampitisha pia pale idarani kwetu. Marekani tutajaza fomu wenyewe mwakani, bure, akitaka bado.

Mama mdogo, najua wanao watakusomea hii. Shikamoo. Kiwanja kisiuzwe mpaka tukirudi Jumamosi. Na huyo jamaa akipiga simu, mpe namba yangu.

Ngoja nikamsome Piaget.