Jeti ya nini, shamba likiliwa?

Wadau, kuna vijana wanaota kufukuza tembo mashambani kwa vijindege vya jeti vya kuongozwa kwa rimoti. Ndoto tamu! Lakini injini huchaguliwa kwa kazi, si kwa mbwembwe.

Tupige hesabu. Injini ndogo ya jeti yenye msukumo wa kilo 10 hivi, ikipewa moto wote, inakunywa karibu theluthi ya lita kwa dakika. Tangi la lita 3 ni dakika 9 hivi tu, kwisha habari. Inatumia mafuta ya taa yenye oili kidogo ya kulainisha beringi, na unafuu wa mafuta ya taa ulikufa mwaka 2011, serikali ilipopandisha ushuru kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Tena jeti haisimami hewani, na moshi wake una joto la mamia ya nyuzi. Ikianguka kwenye mabua makavu je?

Betri haina sifa hizo, ila inafanya kazi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Oryx mwaka 2017 ulieleza jinsi askari wa wanyamapori, upande wa Tarangire na Serengeti, walivyowasukuma tembo kwa droni ndogo za betri. Betri moja hudumu kama dakika 20, basi beba tatu na paneli ya sola ya kuchajia. Doria ndefu? Hapo tafuta injini ya petroli.

Mkulima wa Robanda, au wa vijiji vya Tarime vinavyopakana na hifadhi, akiliwa shamba usiku mmoja amepoteza chakula cha mwaka. Tumnunulie kishindo au msaada? Semeni wenyewe.