Anga si ya Tarehe 29 Shaaban Peke Yake

Kila ifikapo jioni ya tarehe 29 Shaaban utawaona watu wamesimama nje ya misikiti ya Moshi mjini, na huko juu Machame na Marangu pembezoni mwa migomba, nyuso zote zimeelekea magharibi. Mmoja hunyoosha kidole na kusema, "Ule pale!" Wenzake hutazama, na pengine kilichoonyeshwa ni Zuhura, sayari inayong'aa kuliko nyota yoyote. Baadaye simu huanza kupigwa, kauli hupishana, na nyumba moja hufunga na kusherehekea Idd kwa siku mbili tofauti. Hatukukusudia hapa kuamua baina ya wanaofuata mwandamo wa nchini na wanaofuata mwandamo wa popote duniani. Jambo hilo lina maulamaa wake. Swali letu ni jingine: mtu ambaye hakuinua macho mbinguni kwa miezi kumi na moja, ushahidi wake katika mwezi wa kumi na mbili una uzito gani?

Nasi tuishio chini ya Kilimanjaro hatuna udhuru. Moshi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, hutupitia katika mwaka. Januari na Februari, wakati mawingu ni machache, toka nje ya kihamba saa tatu usiku. Utaiona Thurayya, ambayo wazee wetu waliiita Kilimia kwa sababu ilihesabiwa katika majira ya kulima. Nyuma yake yafuata Ad-Dabaran, na maana ya jina ni hiyo hiyo, mwenye kufuata. Juu ya utosi yuko Al-Jawza, na kusini yang'aa Suheli, nyota iliyowapa mabaharia wa pwani jina la upande mzima wa dunia.

Hapa mwalimu wa Kiarabu hupata furaha ya pekee. Wazungu huiita nyota moja ya Al-Jawza Rigel, nayo ni rijl, mguu. Nyingine huiita Betelgeuse, na asili yake ni yad al-Jawza, mkono. Mnakili alisoma ya kuwa ba, na kwa nukta moja mkono ukapotea hadi leo. Mtoto wa darasa la kwanza la madrasa anayajua maneno yote mawili, wala hajaambiwa kwamba yameandikwa juu ya paa la nyumba yao. Abdurrahman As-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, alitaja kijiwingu kidogo ambacho leo tunajua kuwa ni kundi la nyota lililo mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri miaka milioni mbili na nusu kutufikia. Mwanzoni mwa Desemba, vuli ikitoa nafasi, huonekana kwa macho matupu kaskazini, juu ya mlima.

Tena mlima wenyewe! Makkah iko kaskazini mwetu, imeegemea mashariki kwa nyuzi kama tano, na Kibo iko karibu upande huo huo. Mwishoni mwa Mei, saa mbili usiku, Banatu Na'sh husimama juu ya Kibo, na mstari wa nyota zake mbili za mbele huteremka kuelekea kwenye ncha ya kaskazini.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba kumfundisha mtoto nyota ni kumfungulia mlango wa unajimu. Hofu yao ina asili, kwani wapiga ramli wamejaa mijini. Lakini falaki ni hesabu ya mahali na wakati, na unajimu ni madai ya ghaibu. Anayeijua ya kwanza ni vigumu kudanganywa na ya pili. Nyota ya jaha, ambayo watu huahidiwa kufunguliwa, ni jina la ile nyota ya ncha ya kaskazini, na hapa Moshi haichomozi. Anayeinunua ananunua kitu ambacho hata anga yake haina.

Turudi kwenye hilali. Mwezi ambao haujatimiza saa kama kumi na tano tangu kuungana na jua haujapata kuonekana kwa macho matupu kwa ushahidi unaotegemewa. Kwetu karibu na ikweta, hilali mara nyingi hulala kama dau, pembe juu, kwa kuwa jua lililouangaza limetangulia kuzama chini yake. Anayesema aliuona umefunikwa kama chungu, pembe zikitazama ardhi, aulizwe tena. Isitoshe, Mlima Meru uko magharibi yetu, na hilali iliyo chini sana inaweza kujificha nyuma yake. Husimuliwa kwamba Anas bin Malik, akiwa mzee sana, alidai kuuona mwezi ambao wengine hawakuuona. Kadhi Iyas bin Muawiya akaupangusa unywele mweupe wa nyusi uliokuwa mbele ya jicho lake, akamuuliza tena, naye asiuone. Kadhi hakumkadhibisha sahaba, bali alikagua.

Tunapendekeza, basi, kila madrasa iwatoe wanafunzi jioni ya tarehe 29 ya kila mwezi, uwe Safar au Rajab, pamoja na daftari: saa, upande, mawingu, nani ameona. Darubini ndogo ya macho mawili ikipatikana, itaonyesha hata miezi minne ya Mushtari. Dk. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ameandika magazetini kwa miaka mingi akiwaeleza Watanzania anga yao, kwa hiyo elimu hii haihitaji safari ya ng'ambo.

Usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote kwa dakika 82, kuanzia saa 2:30, saa ambayo watu bado wako macho. Tarehe yake ilijulikana miaka mingi kabla, na swala yake tunaifundisha darasani. Ni misikiti mingapi iliyokuwa imejiandaa? Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote huko Makkah, nasi huku tutaona sehemu yake tu ikifunikwa. Walimu waanze sasa kuwaandaa watoto, na kwanza kabisa wawaonye wasilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa darubini.