Ng'ombe Wako na Mfuko wa Plastiki

Wakulima wa skimu, fikirini jambo hili. Mfuko wa plastiki ni kitu kidogo, lakini upepo ukiupeleka malishoni, ng'ombe huula pamoja na majani. Tumbo lake haliwezi kuusaga. Mfuko hukaa humo, wa pili huja, wa tatu huja, mwisho huwa donge. Ng'ombe huacha kula, hukonda, na maziwa hupungua. Hakuna dawa ya kunywesha itakayoondoa donge hilo. Ni lazima daktari wa mifugo apasue tumbo na kulitoa. Mwenye ng'ombe wawili akipoteza mmoja, amepoteza nusu ya zizi lake.

Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 28 Agosti, 2017. Wengi hudhani kwamba katazo ni la mifuko yenye vishikio tu. Sivyo. Hata ile mifuko myembamba isiyo na vishikio, ambayo watu walikuwa wakitilia maharagwe na sukumawiki sokoni, imekatazwa, na faini yake huanzia shilingi milioni 2. Lakini nasema hivi: mkulima asiache plastiki kwa kuogopa askari tu. Aiache kwa sababu karatasi, ikitumiwa mahali pake, humletea faida.

Chukua viazi. Ndani ya plastiki inayopenya mwanga, kiazi hutoka jasho, hugeuka kijani na kuoza upesi, na kiazi cha kijani si chakula chema. Mfuko wa karatasi ngumu hupitisha hewa na kuzuia mwanga. Ukiuza viazi kilo 2 au kilo 5 kwa watu wa mjini, karatasi ndiyo chombo chake. Tazama pia trei ya mayai 30: nyingi hufanywa kwa karatasi kuukuu zilizosagwa, nazo hulinda yai vizuri. Na unga wa mahindi umeuzwa katika pakiti za karatasi miaka mingi. Basi karatasi si jambo geni kwetu.

Hata miche ya nyanya na kabichi yaweza kuoteshwa katika karatasi. Viringisha gazeti kuukuu kwenye chupa, kunja chini, toa chupa, kisha tia udongo. Siku ya kupandikiza, panda mche pamoja na karatasi yake, wala mizizi haitasumbuka. Fukia ukingo wote wa karatasi, kwani ukibaki juu hunyonya maji na kuyapoteza hewani. Miche ya miti hukaa kitaluni miezi mingi, nayo karatasi haiwezi kuingoja. Magome ya mgomba yafaa zaidi.

Lakini tusidanganyane. Karatasi haipendi maji. Maharagwe yasiyokauka yataivuruga, na ukiweka magunia chini kwenye unyevu utapata hasara. Karatasi haizuii fukusi wala dumuzi pia. Mahindi ya kuweka ghalani yakaushe vizuri, uyatie katika gunia lisilopitisha hewa, ambalo hutumika msimu baada ya msimu. Wakati wa kuuza ndipo utumie karatasi. Tena usitie chakula katika mfuko uliokuwa wa saruji, mbolea au dawa.

Wengine watasema, "Karatasi ni ghali." Ni kweli, hasa kwa mtu anayenunua mifuko kumi kumi dukani. Dawa yake ni Chama cha Ushirika. Wanachama wakiagiza pamoja, mifuko elfu kadhaa kwa mara moja, bei hushuka, na jina la chama laweza kupigwa chapa juu yake. Mnunuzi akila viazi vizuri atalikumbuka jina lile na kuliuliza tena. Mfuko usio na jina haumrudishi mtu kwako.

Basi, ninyi mlioko Kinangop, Sotik, Lugari na Mpeketoni, lileteni shauri hili katika mkutano ujao wa chama chenu. Ulizeni bei, chagueni zao moja, mjaribu msimu mmoja. Na leo hii, kabla ya jua kutua, zungukeni ua na malisho mkaokote kila kipande cha plastiki. Ng'ombe hajui kuchagua. Wewe mwenye shamba ndiwe wa kumchagulia.