Lugha ya Anayelinganiwa



Husemwa kwamba hamasa ya da'awa imepoa. Mimi nasema haikupoa, imekosa ulimi. Kijana huhitimu masomo yake kwa Kiarabu, akapelekwa kwa Wasukuma au Wamaasai, akahutubia kwa Kiswahili kilichojaa istilahi za vitabuni. Wazee humsikiliza kwa adabu, kisha huenda zao. Baada ya miezi mitatu hurejea amevunjika moyo, na lawama huwatupia wao.

Aya ya 4 ya Suratu Ibrahim yatufahamisha kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake. Naye Mtume wetu (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi hivi. Nusu mwezi! Sisi twatumia miaka kusoma nahau ya Kiarabu (wala tusiiache), lakini Kisukuma hatukipi hata mwezi mmoja.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa mwanachuoni wa Kiarabu, lakini alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliandika kwa Kiswahili pia, ili asiyejua Kiarabu asibaki nje.

Basi kabla ya kununua vipaza sauti vingine, kamati zetu ziwalipe wazee wenye lugha hizo wawafundishe wanafunzi wa mwaka wa mwisho salamu, methali na adabu za kuingia nyumbani kwa mtu. Wazee hao wapo, na baadhi yao husali nasi safu moja.