UCHANGANUZI: Barua zisizojibiwa ndizo huzamisha miradi ya mabwawa

KUSIMAMA kwa ujenzi wa bwawa la Itare katika eneo la Kuresoi, Kaunti ya Nakuru, mnamo 2018 hakukusababishwa na mvua wala ugumu wa mwamba. Mwanakandarasi, kampuni ya CMC di Ravenna kutoka Italia, alikuwa ameishiwa na fedha, na Desemba mwaka huo akaomba ulinzi wa mahakama ya nchi yake dhidi ya watu waliokuwa wakimdai.

Alichoacha nyuma ni mitambo na vyuma ambavyo baadaye viliporwa, mkopo wa benki za kigeni ulioendelea kudaiwa, na maelfu ya wakazi wa Nakuru, Molo, Njoro na Rongai waliokuwa wameahidiwa maji. Wakazi hao hawakutia sahihi mkataba wowote, lakini ndio walioendelea kubeba mitungi.

Kampuni hiyo hiyo, ikishirikiana na Itinera, pia ya Italia, ilikuwa imepewa kandarasi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet mnamo 2017. Mkasa wa mabwawa hayo unafahamika. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Henry Rotich, alikamatwa na kushtakiwa pamoja na maafisa wengine. Septemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alifutilia mbali mradi wa Kimwarer uliokuwa umekadiriwa kugharimu Sh22.2 bilioni, na kuagiza gharama ya Arror ipunguzwe kutoka Sh28.3 bilioni hadi Sh15.4 bilioni.

Kamati ya wataalamu iliyotoa ushauri huo iligundua jambo la kushangaza. Uchunguzi pekee uliokuwapo kuhusu uwezekano wa kujenga bwawa Kimwarer ulikuwa umefanywa miaka 28 awali, na ulikuwa umeonyesha kwamba ardhi ya hapo ina ufa mkubwa chini yake. Bwawa likauzwa, likanunuliwa na kugharamiwa kwa mkopo kabla ya mtu kuisoma upya ripoti hiyo.

Kesi ya jinai nayo iliishia wapi? Desemba 2023 mahakama ya Nairobi iliwaachilia huru Bw Rotich na wenzake kwa kukosa ushahidi. Miezi tisa kabla ya hapo, Machi 2023, wakati wa ziara ya Rais wa Italia Sergio Mattarella, Rais William Ruto alikuwa ametangaza kwamba nchi hizi mbili zingemaliza mzozo wa mabwawa hayo nje ya mahakama ili kazi irejelewe. Kwa maneno mengine, baada ya miaka minne ya mashtaka na malumbano, wahusika walirudi kwenye meza ya mazungumzo ambayo wangeketi tangu mwanzo.

Hapo ndipo penye swali ambalo wadadisi wengi wa siasa hulipita mbio wakikimbilia majina ya wakubwa: mzozo wa ujenzi wa mradi wa maji huanza siku gani, na ni nani mwenye jukumu la kuuzima ungali cheche?

Mikataba mingi ya mabwawa, mitaro na mabomba makubwa ya maji inayofadhiliwa na wakopeshaji wa kimataifa hufuata kielelezo cha Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, maarufu kama FIDIC. Kielelezo cha 1999, ambacho bado kinatumika katika mikataba mingi, kina ngazi zilizopangwa kwa makini. Mwanakandarasi anayeona amecheleweshwa au kuongezewa kazi lazima atoe notisi katika muda wa siku 28. Asipofanya hivyo hupoteza haki yake. Mhandisi wa mradi huamua. Asiyeridhika huenda kwa bodi ya utatuzi wa migogoro, ambayo ina siku 84 kutoa uamuzi. Zikipita siku 28 bila pingamizi, uamuzi huo huwa wa mwisho. Pingamizi likitolewa, pande zote hupewa siku 56 za kujaribu kupatana kabla ya usuluhishi rasmi.

Kwenye karatasi, basi, mzozo unaoanza Januari ungepaswa kuwa na uamuzi wa kwanza wa watu huru kabla ya mwaka kufika nusu. Katika miradi yetu hilo hutokea kwa nadra.

Sababu ya kwanza ni Mhandisi mwenyewe. Mkataba unamtaka awe mwadilifu kwa pande zote mbili, lakini anayemlipa ni mwajiri, yaani wakala wa serikali. Mwanakandarasi anapoandika kwamba hajakabidhiwa sehemu ya ardhi kwa sababu Tume ya Kitaifa ya Ardhi haijamaliza kuwafidia wenyewe, Mhandisi anajua kuwa dai hilo ni la kweli. Anajua pia kwamba akilikubali, mwajiri wake atalipa. Njia rahisi ni kutojibu. Barua ya pili huja, kisha ya tatu, na kila moja ina riba ndani yake.

Sababu ya pili ni bodi. Kwa kawaida bodi ya watu watatu wenye ujuzi wa ujenzi huundwa mwanzoni mwa kazi, hutembelea eneo la mradi kila baada ya miezi michache, na hujua hali ilivyo kabla ya mtu kulalamika. Faida yake imeshuhudiwa kwingineko. Katika ujenzi wa bwawa la Ertan nchini Uchina, migogoro takriban 40 ilifikishwa mbele ya bodi kama hiyo na hakuna hata mmoja uliokwenda kwa usuluhishi wa kimataifa. Benki ya Dunia iliona faida hiyo, na tangu 1995 ikawa inataka bodi za aina hiyo katika mikataba mikubwa ya thamani ya zaidi ya Dola 50 milioni.

Huku kwetu bodi huonekana kama gharama ya anasa. Wakala hukataa kulipa nusu yake ya ada, au huchelewesha uteuzi wa mjumbe wake hadi mzozo umeshakuwa mkubwa. Bodi inayoundwa baada ya pande mbili kuacha kusalimiana haina tena kazi ya kuzuia ugomvi. Inakuwa mahakama nyingine ndogo tu, na kila upande unaijia na wakili wake.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo haimo katika mkataba wowote. Ni woga. Tuseme afisa wa wakala wa maji anaona kwamba dai la Sh200 milioni ni halali. Akilikubali leo, kesho anaweza kuitwa na wapelelezi aeleze kwa nini alimwongezea mwanakandarasi fedha. Akisubiri miaka mitatu hadi jopo la usuluhishi liamue alipe Sh500 milioni pamoja na riba na ada za mawakili, hakuna wa kumwuliza, kwani ametii amri. Baada ya yaliyowapata maafisa walioshtakiwa 2019, hata kama mwishowe waliachiliwa, ni afisa gani atakayethubutu kuweka sahihi?

Sheria ya Ununuzi ya 2015 yenyewe si adui wa maamuzi ya mapema. Inaruhusu mabadiliko ya kandarasi mradi jumla yake isizidi asilimia 25 ya bei ya awali, na inatambua riba kwa malipo yaliyocheleweshwa. Isipokuwa haimpi afisa kinga anapoamua kwa nia njema kwa kufuata ushauri wa bodi. Bunge lingeweza kuliziba pengo hilo kwa kifungu kimoja, nalo lingeokoa fedha nyingi kuliko kamati kadhaa za uchunguzi.

Ni kweli kwamba si kila mradi unaokwama ungeokolewa na bodi. Mwanakandarasi aliyefilisika hafufuliwi na uamuzi wa siku 84. Katika kisa cha Itare, kinga ilipaswa kuwa dhamana za benki kwa malipo ya awali na kwa utekelezaji wa kazi, pamoja na uchunguzi wa kina wa hali ya kifedha ya kampuni kabla ya kutia sahihi. Wakala anayesubiri habari za kufilisika azisome magazetini ameshachelewa.

Vilevile kuna migogoro ambayo mkataba hauwezi kuimeza kwa sababu wagombanaji si wahusika wake. Mfereji wa chini ya ardhi wa Northern Collector, wenye urefu wa kilomita 11.8 kutoka mito ya Murang'a hadi bwawa la Ndakaini, ulikumbwa na dhoruba ya kisiasa mnamo 2016 pale kiongozi wa upinzani wakati huo, Bw Raila Odinga, alipodai ungeligeuza eneo hilo kuwa jangwa. Serikali ya kaunti nayo ilidai asilimia 25 ya mapato ya maji yanayopelekwa Nairobi. Mwanakandarasi wa Kichina aliyekuwa akichimba hakuwa na la kujibu kuhusu hayo yote. Hata hivyo, kila siku mradi unapovutwa na siasa, saa ya mkataba huendelea kuhesabu.

Bwawa la Thwake, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, linaonyesha namna saa hiyo inavyokula fedha. Kazi ilianza 2018 kwa gharama ya Sh36.9 bilioni. Gharama hiyo baadaye ilipanda hadi takriban Sh42 bilioni, na tarehe ya kukamilika ikasogezwa mbele mara kadhaa. Mwanakandarasi anapocheleweshewa hati ya malipo, mkataba wa FIDIC unamruhusu kupunguza kasi au kusimamisha kazi baada ya notisi ya siku 21. Mitambo ikilala, bado inakodishwa. Walinzi bado wanalipwa. Na mkopeshaji hutoza ada hata kwa fedha za mkopo ambazo hazijatolewa.

Zaidi ya hayo, mwanakandarasi aliyeshinda kwa jopo la usuluhishi hana njia ya mkato ya kulipwa. Mali ya Serikali haiwezi kunadiwa, kwa hivyo hubaki na hati ya mahakama mkononi huku riba ikikua. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel mnamo Desemba 2019, iliacha nafasi finyu tu ya kukata rufaa dhidi ya maamuzi ya usuluhishi. Wakala anayepeleka mzozo huko akitumaini kuukokota mahakamani miaka mingine kumi anajidanganya.

Lipo jambo moja zaidi ambalo halizungumzwi sana. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, wakala wa ujenzi ndiye anayetia sahihi kandarasi, lakini kazi ikikamilika hukabidhi mradi kwa kaunti na kampuni yake ya maji, ambayo pia hutarajiwa kusaidia kulipa mkopo kupitia bili za wateja. Kampuni hiyo haimo katika mkataba. Haiulizwi Mhandisi anapokataa dai, haitumiwi nakala ya notisi, na haina kiti mbele ya bodi. Hupata habari za mzozo siku inapoletewa deni.

Wakala angeweza kuanza na hatua ndogo isiyohitaji sheria mpya: kuialika kampuni ya maji katika mikutano ya kila mwezi ya mradi, na kuipa orodha ya madai yote ambayo hayajajibiwa, kila dai na tarehe lilipowasilishwa na kiasi cha riba ambacho limekusanya hadi siku hiyo.